Je, Kilemba Hiki ni cha Ukoka?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake, wiki hii nimeziweka kando barua nyingine zote nijibu moja tu. Imetoka upande wa Mbololo, na mwenyewe ameomba jina lake na kijiji chake visitajwe. Nitamwita dada yetu.

Dada yetu ni mama wa watoto wanne. Alisilimu miaka 14 iliyopita. Mwaka jana akina mama wa msikiti wao walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati yao, naye hakugombea wala hakuomba. Alikuwa jikoni akiosha sufuria za shughuli walipomwita ndani kumpa habari. Kamati yenyewe si ya jina tu. Ndiyo inayokusanya fedha za sanda, inayopika futari ya Ramadhani, inayotembelea wagonjwa na waliojifungua, inayoweka na kukopeshana akiba bila ya riba, na tena ndiyo inayoosha maiti wa kike.

Anasema kazi inakwenda. Madeni yaliyokuwa yamelala yamelipwa, daftari linasomeka, na akina mama waliokuwa wamejitenga wamerudi. Lakini kila anaposifiwa, moyoni huona anavikwa kilemba cha ukoka. Wenzake wamekua na Qur'ani midomoni, yeye alianza alifu na be akiwa na umri wa miaka 27. Katibu wake ana shahada ya chuo kikuu, yeye aliishia darasa la nane. Anaogopa kwamba iko siku kitoto cha madrasa kitamsahihisha matamshi mbele ya watu, na hapo wote watafahamu kuwa aliyekaa kwenye kile kiti si mwenyewe. Ameshaandika barua ya kujiuzulu. Imo ndani ya mkoba wake, na ameazimia kuisoma katika kikao cha mwezi ujao.

Ameniuliza mambo matatu. Je, ni dhambi kushika cheo ambacho mtu anajua hakistahiki? Je, hali hii ya kuonekana mbele za watu kuwa mtu fulani na ndani kujiona mwingine ni unafiki? Na je, iwapo atabaki, inafaa afungue kikao kwa kusoma dua kutoka kwenye karatasi?

Katika barua hiyo liko jambo alilolitaja kwa kupita tu, katikati ya sentensi nyingine. Kabla yake, akifa mwanamke pale kijijini, ilibidi wasubiriwe waoshaji kutoka Voi. Safari moja ilinyesha mvua, njia ikaharibika, na maiti akalala hadi siku ya pili. Yeye na wenzake wawili wakaenda kujifunza, na tangu hapo hawajamsubiri mtu. Dada yetu amelipita jambo hili kana kwamba anataja bei ya nyanya. Mimi sikuweza kulipita, na ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na hofu yenyewe. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameitambua na kuipa jina. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala juu ya wanawake zaidi ya 150 waliofaulu vizuri katika masomo na kazi zao. Wengi wao, pamoja na vyeti vyote ukutani, waliamini ndani yao kwamba wamefika pale kwa bahati, au kwa makosa ya aliyesahihisha mtihani, au kwa kuwa watu wamewadhania kuwa ni zaidi ya walivyo. Kila walipofaulu tena, hofu haikupungua, bali ilizidi, kwa sababu sasa palikuwa na kilemba kirefu zaidi cha kuvuliwa. Nimelitaja hili ili dada yetu ajue kwamba hofu yake haikutokana na darasa la nane. Wenye shahada nao wanayo. Huenda hata katibu wake anayo, na hajasema.

Hata hivyo, si kila shaka ya nafsi ni maradhi. Sahaba mtukufu Abu Dharr (r.a.) alimwomba Bwana Mtume (s.a.w.) ampe uongozi, naye akamweleza waziwazi, kwa upole wa mtu anayempenda mwenzake, kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana ambayo Siku ya Kiyama huwa hizaya na majuto, ila kwa aliyeichukua kwa haki yake na kuitekeleza. Abu Dharr hakuwa na upungufu wa imani wala wa elimu. Wachache walimfikia kwa zuhudi na ukweli wa ulimi. Kazi ile tu haikuwa yake. Kwa hiyo yuko anayestahili kuambiwa aondoke kitini, na kumwambia si kumdhulumu.

Basi tutamtambuaje? Tuiangalie kazi, hisia tuziache kwanza. Fedha zimetimia au hazikutimia? Wagonjwa wametembelewa au wamesahauliwa? Maiti ameoshwa kwa wakati na kwa sunna, au amesubiri mvua ikatike? Dada yetu amenipa majibu ya maswali haya yote katika barua yake bila ya kujua kuwa ananijibu. Hesabu inasema anaiweza kazi, na moyo wake unasema haiwezi. Mimi ninaifuata hesabu.

Juu ya hayo, hakukiomba kile kiti. Bwana Mtume (s.a.w.) alimuusia Abdurrahman bin Samura (r.a.) asiombe uongozi, akamweleza kuwa anayepewa baada ya kuomba huachiwa mzigo wake peke yake, na anayepewa bila ya kuomba husaidiwa. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Dhambi ingekuwa kukitafuta kwa hila, au kukikalia na huku amana zinapotea. Hapa hakuna moja kati ya hayo.

Swali la pili, la unafiki, lina kisa chake katika hadithi sahihi. Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Bwana Mtume (s.a.w.), alitoka nyumbani akilia kwamba Hanzala amekuwa mnafiki. Akakutana na Sayyidna Abubakar (r.a.), akamweleza: tukiwa mbele ya Mtume tunakumbushwa Pepo na Moto hata kana kwamba tunaviona kwa macho, na tukirudi kwa wake zetu na watoto na mashamba, mengi tunayasahau. Je, Sayyidna Abubakar alimkemea? Alimwambia kuwa yeye pia anapatwa na hali hiyohiyo. Wakaenda wote wawili kwa Bwana Mtume (s.a.w.), naye akawafahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile ya barazani kwake, malaika wangewapa mikono njiani, lakini mambo ni saa kwa saa.

Tazama Hanzala alivyofanya. Hakuificha hofu yake akaenda kujiuzulu uandishi. Aliitamka, na mtu wa kwanza kumtamkia akawa mbora wa umma baada ya Mtume, na naye anayo. Mnafiki wa kweli halali macho kwa kuogopa kuwa mnafiki. Hulala vizuri sana.

Sasa nije kwenye kisa ninachokiona kuwa ndicho dawa hasa, na ambacho tunakisoma kila Maulidi bila ya kukifanyia kazi majumbani mwetu. Bwana Mtume (s.a.w.) alipoteremka kutoka pango la Hira, akitetemeka, aliingia kwa Bi Khadija (r.a.) akataka afunikwe nguo. Hofu ilipotulia akamweleza yaliyompata na kwamba aliogopea nafsi yake. Wengi wetu tungesema, "Usiogope, utakuwa sawa." Maneno hayo ni mepesi, na mwenye hofu huyasikia kuwa ni huruma tu. Bi Khadija alianza kwa kumwapia kuwa Mwenyezi Mungu hatamdhalilisha kamwe, kisha akatoa ushahidi. Akamhesabia matendo yake moja moja: unaunga jamaa zako, unambebea mzigo aliyeshindwa kuubeba, unamchumia asiyekuwa na kitu, unamkirimu mgeni, unawasaidia watu wanapofikwa na misiba. Yote yalikuwa mambo aliyoyaona kwa macho yake kwa miaka 15 ya ndoa yao. Hakumsifu kwa lililokuwa halijatokea.

Kisha akafanya jambo la pili. Alimpeleka kwa mwenye elimu, mtoto wa ami yake, Waraqa bin Naufal, mzee aliyekuwa amesoma vitabu vya waliotangulia. Yaani baada ya mapenzi, akatafuta ujuzi.

Hivyo namwomba dada yetu, kabla ya kikao, aketi na mtu anayemjua, awe mumewe, dada yake au jirani yake, amtake amhesabie. Sifa za jumla kama vile yeye ni mwema au ana bidii ziachwe. Mtu huyo ataje nini kilifanyika, lini, na nani alinufaika. Na yaandikwe. Maneno ya mdomoni huliwa na hofu usiku, lakini karatasi asubuhi ingalipo. Nimeambiwa kwamba hata wanasaikolojia wa leo huwaagiza wagonjwa wao kufanya jambo lililo karibu na hili, na hulipwa kwa saa.

Na nyinyi waume mnaosomewa gazeti hili baada ya chakula cha usiku, mkeo akichaguliwa kuongoza, usiwe wa kwanza kumuuliza, "Wewe utaweza?" Bi Khadija hakuuliza hivyo.

Sasa nitataja lililouma zaidi katika barua ile. Dada yetu anaandika kwamba baada ya miaka 14 bado huitwa "yule aliyesilimu". Akikosea, husemwa ni kwa sababu ni mgeni katika dini. Akipatia, husemwa, "Maashallah, na alivyokuwa Mkristo!" Ndugu zangu, hii si hofu iliyozaliwa ndani ya kifua chake. Imepandwa na sisi. Mwaka 2021 waandishi wawili wa kike, Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey, waliwajibu wanasaikolojia kwa hoja ya namna hii: kwamba mwanamke huambiwa ana maradhi ya kutojiamini, ilhali mara nyingi maradhi yako mahali anapofanya kazi, panapomkumbusha kila siku kuwa si pake. Wao walikuwa wakizungumzia maofisi. Mimi nazungumzia mkeka wa msikiti.

Na nani kati ya Masahaba hakusilimu? Sayyidna Umar (r.a.) alisilimu ukubwani. Amri bin al-As (r.a.) alisilimu mwaka wa 8 wa Hijra, na ndani ya mwaka uleule, baada ya miezi michache tu, Bwana Mtume (s.a.w.) akamtuma kuongoza jeshi la Dhatus-Salasil. Walipohitaji msaada, wakapelekewa kikosi kingine, na ndani yake walikuwamo Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar. Wakaswali nyuma yake, wakatii amri yake. Kwa nini yeye? Wanavyuoni wa sira wanataja kwamba alikuwa mjuzi wa vita, na bibi yake mzaa baba alitokana na kabila la Bali, watu wa njia ile ile. Alifaa kwa kazi ile. Haikuwa na maana kwamba ndiye mbora wao.

Amri mwenyewe alidhani ndiyo maana yake! Aliporudi alimuuliza Bwana Mtume (s.a.w.) ni nani anayempenda zaidi katika watu. Akaambiwa, Aisha. Akauliza, katika wanaume? Akaambiwa, baba yake. Kisha nani? Akatajiwa Umar, na wengine baada yake, hata Amri akanyamaza mwenyewe kwa kuogopa asije akawekwa wa mwisho. Kisa hiki kila nikikisomesha darasani vijana hucheka, na kicheko chao ni sahihi. Kuwekwa mbele kwa ajili ya kazi ni jambo moja, daraja ya mtu mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya wenzake ni jingine. Dada yetu ameyachanganya haya mawili kinyume cha Amri. Amri aliona kwa kuwa ameongoza, basi ni mbora. Yeye anaona kwa kuwa si mbora wa kusoma, basi hafai kuongoza.

Ameandika pia, kwa aibu, kwamba kuandika kumbukumbu za kikao, kuita majina na kuhesabu fedha mbele ya wote alijifunza kwa mama yake mzazi, ambaye ni kiongozi wa akina mama kanisani. Anaogopa wenzake wakijua watasema anauendesha msikiti kwa desturi za kanisa. Dada yangu, kuhesabu amana mbele ya mashahidi hakuna dini inayokukataza, na dini yako inakuamrisha. Bwana Mtume (s.a.w.) alihudhuria mkataba wa Hilful-Fudhul kabla ya kupewa utume, wakati Makka yote ikiabudu masanamu, mkataba wa kumtetea aliyedhulumiwa, na baadaye akasema lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Na amefundisha kwamba wabora wa zama za ujahili ndio wabora katika Uislamu wakiifahamu dini. Ulipoingia hukuja mikono mitupu. Msalimie mama yako, na mwambie ilimu yake imefaa.

Isitoshe, huko kwenu Mbololo somo hili ni la zamani. Akina mama wa Mraru mnawajua, au mabibi zenu waliwajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mabasi ya kuteremka Voi yalikuwa yakipita yamejaa, na wanawake wakibaki kando ya barabara na mizigo yao ya sokoni. Wakaanza kuchanga kidogo kidogo, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Likawa linawapeleka watu sokoni na hospitali, na kwa faida yake wakafungua duka. Habari yao ilifika mbali hata mwaka 1980 ikachapishwa kijitabu na shirika la Population Council la New York, kisomwe na wanawake wa nchi nyingine. Hawakuwa matajiri wa mabasi. Walikuwa wakulima na akina mama wa nyumbani. Dereva na kondakta, mafuta, matengenezo na deni, hayo yote mtu huyajua akishakuwa na basi. Lau mwenyekiti wao angesubiri mpaka ajione ni mjuzi wa magari, mizigo ingali kando ya barabara hadi leo.

Tuje kwenye kikao chenyewe. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni hakusema kwamba anaweza kila kitu, wala hakukataa. Alitaja upungufu wake kwa jina lake: kifua chenye dhiki, ulimi wenye fundo. Kisha akaomba tiba ya kila kimoja, na akaomba msaidizi kwa jina, Harun ndugu yake, kwa kuwa ni fasaha zaidi. Wala Harun kuwa fasaha hakukumfanya Musa ampishe utume. Dada yetu anaye Harun wake, naye ni yule katibu mwenye shahada anayemwogopa. Amwendee kabla ya kikao, amwambie, "Barua za serikali na maombi ya fedha yawe mikononi mwako, mimi nitasimamia watu na amana." Nadhani atashangaa jinsi katibu atakavyopumua.

Na upungufu wa matamshi ya Qur'ani ni upungufu wa kweli. Sitamwambia kuwa haupo. Lakini dawa yake ni mwalimu, saa moja mara mbili kwa wiki. Kujiuzulu hakumfundishi mtu makhraj. Yule binti mdogo wa madrasa anayeogopwa kwa kusahihisha ndiye wa kupewa kazi hiyo. Mwite nyumbani, mpe chai na mahamri, msome pamoja. Asiyetaka kusahihishwa na mtoto hujifunza polepole sana.

Tena na aweke msichana mmoja karibu naye kila anapofanya kazi, tangu hesabu hadi chumba cha kuoshea maiti. Bi Fatuma Achani alikaa naibu wa gavana wa Kwale tangu 2013 kabla ya kuchaguliwa gavana mwaka 2022, wa kwanza mwanamke katika Pwani yetu. Bi Samia Suluhu Hassan, binti wa Makunduchi, alikuwa makamu wa rais tangu 2015 hadi msiba wa Machi 2021 ulipomfikisha kwenye urais, na siku zilezile za maziko akawajibu hadharani waliokuwa na mashaka kama mwanamke ataweza. (Mjadala wa wanazuoni juu ya uongozi wa juu wa nchi si mada yetu leo, msiniandikie.) Ninachotaka ni kwamba wote wawili walikaa miaka kando ya kiti kabla ya kukikalia. Dada yetu hakupata nafasi hiyo; alitolewa jikoni moja kwa moja. Atakayemfuata na aipate.

Limebaki swali la tatu. Inafaa kabisa kusoma dua kutoka kwenye karatasi. Na kuhusu Qur'ani, tumefundishwa kwamba anayeisoma kwa kukwamakwama na kwa tabu ana ujira mara mbili, basi hakuna wa kukucheka ila asiyejua hesabu ya thawabu. Ukikwama, simama, mwangalie binti yule, akukumbushe, endelea. Kisha funga dua, fungua daftari la fedha za sanda, maana ndilo la kwanza katika ajenda uliyoniandikia, na kuna dada wawili hawajalipa tangu Rajabu.

Ile barua iliyo ndani ya mkoba uamuzi wake ni wako. Ukiisoma kikaoni, waachie akina mama wakujibu kabla hujatoka mlangoni.

Swali la ndugu yetu wa Maungu kuhusu shamba la mirathi lililouzwa kabla ya kugawanywa litajibiwa wiki ijayo, inshallah.

Wallahu a'lam.